Kituo cha Robo

Treni iliondoka Nanyuki saa mbili asubuhi, na haikuelekea kaskazini wala kusini. Ilielekea juu.

Mabehewa yake tisa yalipangwa ghorofa juu ya ghorofa, yakiukumbatia utepe mweusi uliotoka ardhini na kupotelea angani. Utepe huo ulikuwa na upana wa mita moja na wembamba wa karatasi, umefumwa kwa nyuzi-kaboni, na watu waliuita Kamba Kuu. Ncha yake ya juu ilikuwa kilomita elfu thelathini na sita kutoka ardhini, kwenye kituo kiitwacho Kilele. Haikuanguka kwa sababu ileile inayofanya kombeo lisilegee mkononi mwa anayelizungusha: dunia ilikuwa mkono, Kamba ilikuwa kombeo, na zaidi ya Kilele palining'inia mwamba mkubwa wa chuma ulioivuta Kamba ikakaza siku zote.

Wenye haraka walipanda kipandio cha kasi, chombo chembamba kama risasi kilichofika Kilele kwa saa kumi. Treni ilichukua siku kumi na moja na nusu. Magurudumu yake ya sumaku yaliushika utepe bila kuugusa, na mwendo wake ulikuwa kilomita mia moja na thelathini kwa saa. Wakazi wa Nanyuki waliiita Konokono. Ilikuwa imebeba mizigo kwa miaka mingi, na abiria walianza kuruhusiwa mwaka huo tu, baada ya mabehewa kuwekewa madirisha makubwa na kuta zenye tabaka la maji la kuzuia miali ya jua isiyofaa kwa mwili.

Katika behewa la tatu, kando ya dirisha, aliketi Mutwiri M'Ikiara, mkulima wa viazi kutoka Timau, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa. Kwa zaidi ya miaka kumi aliiona Kamba kila asubuhi akitoka kukamua, mstari mmoja mweusi uliosimama upande wa magharibi wa shamba lake. Mke wake, Nkatha, alikuwa kwenye ncha ya pili, kule Kilele, kwa miaka ishirini na moja. Kipandio cha kasi hakikumfaa Mutwiri, maana daktari alimwambia moyo wake hautastahimili msukumo ule. Kwa hiyo siku ilipotangazwa kwamba Konokono itachukua abiria, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza dirishani pa tikiti.

Chini ya kiti chake kulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko jozi mpya ya gambuti, namba sita. Ilikuwa miezi ya mvua, na njia ya kutoka barabarani hadi nyumbani kwake ilikuwa tope tupu. Hakutaka Nkatha aharibu viatu siku ya kwanza.

Treni ilipanda bila mtikisiko. Paa za Nanyuki zilijikusanya, mashamba ya ngano yakawa vipande vya khanga, na kabla dakika mbili hazijaisha Mutwiri alijikuta ameshika mbao za dirisha kwa mikono miwili. Tangu utotoni alikuwa ameinua kidevu ili kuutazama Mlima Kenya. Wazazi wake waliinua kidevu, na wazazi wao pia. Sasa mlima ulikuwa chini yake. Aliona vilele vyake kama mtu aonavyo mafiga ya jiko lililozimika, mawe matatu meusi yenye majivu katikati, na mito ikiteremka pande zote kama nyufa za sahani.

"Jamani," alisema kwa sauti ndogo.

"Wengi huanza kuongea peke yao hapa," alisema mwanamke aliyesimama nyuma yake na sinia la chai. Alikuwa Syombua, mhudumu wa behewa, Mkamba wa makamo mwenye nywele fupi. "Usiogope, mzee. Kunywa chai sasa. Baadaye itakuwa nyepesi mpaka ikuchekeshe."

Baada ya robo tatu ya saa anga iligeuka. Haikuwa jioni, jua lilikuwa likiwaka kama kawaida, lakini buluu ilichujuka ikabaki weusi mtupu, na ndani ya weusi huo nyota zilitokea mchana kweupe, zimetulia, hazimeti. Chini, Bonde la Ufa lilionekana lote, jeraha refu lililopona vibaya. Ziwa Turkana lilikuwa la kijani. Kufikia adhuhuri bahari ilitokea upande wa mashariki, na ukingo wa dunia ulianza kupinda waziwazi. Abiria walikuwa sitini, na wote walijibanza madirishani. Mama mmoja Mhindi kutoka Mombasa alilia taratibu bila kujifuta machozi.

Alasiri ile Syombua alikuja kuketi mkabala na Mutwiri.

"Unakwenda mpaka Kilele, mzee?"

"Naishia Robo. Nakwenda kumchukua mke wangu. Ni mfumaji. Anaitwa Nkatha."

"Nkatha wa Timau? Namjua!" Uso wa Syombua ulichangamka. "Tazama nje, kwenye utepe. Kila kilomita mia utaona alama ya rangi. Kila mfumaji alitia yake kwenye kipande chake. Ile nyekundu na nyeupe, ya meno ya msumeno, ni yake."

Mutwiri aliitambua kabla hajamaliza kuambiwa. Nkatha alikuwa fundi wa mazulia ya sufu Nanyuki kabla Shirika la Kamba halijaja kutafuta wafumaji, na zulia la nyumbani kwao lilikuwa na meno hayohayo. Mikono-roboti ingeweza kufuma usiku na mchana bila kuchoka, lakini haikuweza kuhisi uzi uliolegea. Vidole vya watu waliozoea kufuma viliweza. Ndiyo sababu wanawake na wanaume mia moja walipelekwa juu kwa mkataba wa miaka minne.

"Kwa hiyo hii tunayopanda..."

"Vipande vingi kutoka hapa mpaka Robo ni kazi ya mikono yake," alisema Syombua. "Sote tunaning'inia kwake."

Mutwiri aliifuata alama kwa macho hadi ikapotea chini. Kisha akasema, "Ameniita mwenyewe. Anashuka kutoka Kilele, mimi napanda kutoka chini, tunakutana Robo, tunarudi pamoja."

Uchangamfu ulimtoka Syombua usoni. Alipanga vikombe kwenye sinia, akavipanga tena.

"Alikuambia hivyo? Kwamba mtashuka pamoja?"

"Sasa angeniita kwa nini?"

"Ndiyo, mzee," alisema Syombua akiinuka. "Utamwona mwenyewe kesho kutwa."

Vituo vya Kamba Kuu viliitwa kwa uzito. Kadiri mtu anavyokwenda mbali na dunia ndivyo dunia inavyopunguza nguvu ya kumvuta, na wajenzi waliweka kituo pale mwili unapobaki na robo tatu ya uzito wake, kingine penye nusu, kingine penye theluthi, na kingine penye robo. Siku ya pili walipita Nusu, na behewa zima likawa kama uwanja wa watoto. Watu wazima waliruka na kugusa dari. Chai ilimiminika polepole kama asali. Mutwiri alisimama, akatembea hatua sita, akasimama tena kwa mshangao: nyonga yake ya kushoto, iliyomuuma kwa miaka sita, ilikuwa kimya. Alikwenda na kurudi mara nne ili ahakikishe. Alicheka peke yake, na alitamani Nkatha angekuwepo amwone.

Asubuhi ya siku ya tatu, saa nne na nusu, walifika Robo.

Dunia ilikuwa mpira mzima sasa. Kutoka dirisha la kituo Mutwiri aliona Afrika yote kwa mtazamo mmoja, kuanzia mchanga wa kaskazini hadi mawingu ya Rasi, ikiwa imelala kwenye buluu isiyo na jina. Lakini hakuitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa mlango wa pili ulifunguka.

Nkatha aliingia amevaa kiunzi-mwili, fremu nyembamba ya chuma iliyofungwa miguuni, kiunoni na mgongoni, ikimsogeza hatua kwa hatua. Kwenye skrini siku zote alionyesha uso tu. Sasa Mutwiri aliona shingo yake, mikono yake iliyokuwa myembamba kama vijiti vya kufumia, na magoti yaliyotetemeka ingawa hapo kila kitu kilikuwa na robo tu ya uzito.

"Baba Kinya," alisema. "Umezeeka vizuri."

Mutwiri alimkaribia kwa hofu ya kumgusa. Nkatha ndiye aliyeinua mkono akamshika shavu.

Waliketi. Mutwiri hakujua aanzie wapi, akatoa gambuti mfukoni akaziweka mezani. Nkatha alizitazama, akaichukua moja, akaishikilia kifuani.

"Sitashuka, Baba Kinya. Siwezi. Nilikuita ili unione, na ili nikuambie kwa mdomo wangu."

Akamweleza. Kwa mtu asiye na uzito mifupa haina kazi, na mifupa isiyo na kazi hujila yenyewe. Mkataba wa kwanza ulipokwisha Kamba ilikuwa haijagusa ardhi, wakaongezewa wa pili, kisha wa tatu, na mazoezi waliyopewa hayakutosha. Miaka tisa iliyopita wafumaji watatu walirudi nyumbani kwa kipandio cha kasi.

"Nilisikia," alisema Mutwiri. "Walisema redioni kwamba wamestaafu."

"Wa kwanza alivunjika mapaja yote mawili akiinuka kitini. Wa pili moyo ulisimama palepale Nanyuki. Wa tatu aliishi siku nne." Nkatha aliongea bila kupandisha sauti. "Baada ya hapo Shirika likatangaza kwamba sisi tumeamua kuifanya Kilele kuwa nyumbani. Tukatia sahihi, sote. Tumebaki arobaini na mmoja. Huko juu kuna chumba-pia, chumba kinachozunguka na kukupa uzito kidogo. Nimekaa humo saa sita kila siku kwa miaka miwili ili niweze kufika hapa kukuona. Hakiwezi kutoa zaidi ya robo, kikizidi hapo mtu anatapika na kuzimia. Hapa ndipo mwisho wangu."

Mutwiri aliinuka ghafla mno, akajigonga kichwa darini.

"Miaka tisa, Mama Kinya! Miaka tisa nilidhani hunitaki tena!"

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Ilikuwa afadhali udhani hivyo. Ungejua ukweli ungeuza kila kitu uje huku juu. Kinya alikuwa kidato cha pili. Nani angempikia? Nani angemwamsha?"

Mutwiri alikwenda akasimama dirishani, akampa mgongo. Abiria wengine walikuwa wamejiondokea kwa adabu. Hasira ilimpanda Mutwiri mpaka machoni, ikakaa hapo, kisha akakumbuka kwamba hata chumba alichosimama na kukasirika ndani yake kilikuwa kimeshikiliwa na mikono ile iliyokuwa ikitetemeka nyuma yake.

"Kuna kioo-vuta hapo pembeni," alisema Nkatha. "Nielekezee nyumbani. Mikono yangu haitulii."

Mutwiri akaielekeza ile darubini. Ilichukua muda, mawingu yalikuwa mazito. Kisha Nkatha akavuta pumzi.

"Umeezeka upya."

"Mwaka juzi. Upepo uliichukua ile ya zamani."

"Na mvua inanyesha. Aa, Baba Kinya, mvua inanyesha kweli." Hakuondoa jicho kwenye kioo kwa muda mrefu sana.

Mutwiri alikuwa na siku ishirini kabla Konokono haijapita tena ikishuka. Siku ya tatu, wakila, aliuliza swali ambalo lilikuwa likimzunguka.

"Kati ya hapa na chini kuna vituo gani?"

"Theluthi. Nusu. Robo Tatu."

"Vina mahali pa kulala?"

"Vyumba vya mafundi wa zamu. Kwa nini?"

"Miche ya viazi inayotoka maabara," alisema Mutwiri polepole, "inakuja imekulia kwenye chupa. Haijawahi kuona upepo. Ukiitoa chupani leo na kuipanda juani leo, kesho imekufa. Kwa hiyo unaiweka kivulini. Unaipunguzia maji. Wiki ijayo unaisogeza kidogo, jua la asubuhi tu. Halafu kidogo tena. Sijapoteza mche tangu nilipojifunza hivyo."

Nkatha alimtazama, kisha akacheka, kicheko ambacho Mutwiri hakuwa amekisikia bila skrini kwa miaka ishirini na moja. "Mimi si kiazi."

"Kiazi hakibishi hivi."

Alipoacha kucheka alikuwa mzito wa uso. Madaktari waliwahi kulifikiria jambo hilo, alisema. Lingechukua miaka mitatu, huenda minne, na huenda lisifanikiwe kabisa. Mgonjwa angehitaji mtu kando yake kila saa, kwa sababu kuanguka mara moja kungetosha kummaliza, na Shirika halikuwa na watu wa kazi hiyo. Tena mtu huyo naye mifupa yake ingeanza kuliwa.

"Umesikia hilo la mwisho?" aliuliza.

"Nimesikia. Itabidi nishuke polepole pamoja nawe, basi."

Jioni Mutwiri aliongea na binti yao kwenye skrini. Kinya alikuwa na mtoto mgongoni na tope hadi magotini. Alimsikiliza baba yake mpaka mwisho, akajifuta uso kwa nyuma ya kiganja.

"Viazi navijua, baba, na ng'ombe wananijua," alisema. "Wewe mlete mama."

Ofisa wa Shirika alikataa. Vyumba vya zamu, alisema, si vya wagonjwa, na jambo hilo lingezua maswali. Ni Syombua, treni iliporudi, aliyewaonyesha maandishi madogo nyuma ya tikiti. Konokono ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaosafiri ili waone, si ili wafike, kwa hiyo abiria yeyote aliruhusiwa kuteremka kituo chochote, kukaa apendavyo, na kuendelea siku atakayotaka. Kikomo cha muda hakikuandikwa. Ofisa aliisoma mara mbili. Mwishowe akawaandikia vyumba, na mwezi uliofuata wafumaji wengine wawili walianza kushuka kutoka Kilele kuja Robo, kila mmoja akiwa na ndugu anayempandia kutoka chini.

Miezi minane Nkatha alitembea kwenye ukumbi wa Robo, kwanza na kiunzi-mwili, kisha nusu ya siku bila hicho, mkono wa Mutwiri ukiwa kiunoni mwake. Alianguka mara moja, akavunjika kidole cha mkono. Kilipona baada ya majuma kumi. Daktari wa kituo alipima mifupa yake, akapima tena asiamini, kisha akatia sahihi.

Siku ya kuondoka walikaa dirishani, behewa la tatu. Safari ya kwenda Theluthi ilikuwa ya saa kumi na tatu. Kwa saa tisa za kwanza Nkatha aliongea karibu bila kukoma, akieleza kila alama iliyopita kwenye utepe: huyu alikuwa wa Kitui, huyu alikuwa akiimba vibaya, huyu ni yule wa siku nne. Kisha akanyamaza. Jasho likamtoka puani.

"Unasikia nini?" aliuliza Mutwiri.

"Magoti. Na taya. Sikujua hata taya ina uzito." Alishika mbao za dirisha. "Baba Kinya, ni nyingi. Inakuja haraka mno."

Mutwiri alimtazama Syombua. Syombua hakusubiri kuombwa, alikuwa tayari kwenye simu ya dereva. Sauti ya dereva ikasikika katika mabehewa yote tisa: yumo abiria, mmoja wa waliofuma njia hii, anahitaji kupumzika kabla ya kuendelea, na treni itasimama.

Magurudumu yakanyamaza. Watu sitini walibaki wamening'inia kwenye karatasi nyeusi ya mita moja, juu ya dunia nzima. Mtu mmoja aliyekuwa akipiga picha alizima kamera yake. Hakuna aliyeuliza itachukua muda gani.

Kwao jua lilikuwa limeshachomoza, lakini chini bado kulikuwa na giza. Mstari wa asubuhi ulikuwa ukija kutoka Bahari ya Hindi, mwembamba, rangi ya ndani ya papai. Ulipanda pwani ya Somalia. Ulipita juu ya Lamu na kuiwasha mito mmoja baada ya mwingine, Tana kwanza, kisha vijito vyake, mpaka ukafika kwenye mawe matatu ya Mlima Kenya na kuyagusa. Nkatha aliutazama mwendo wote. Pumzi yake ilianza kushuka. Mutwiri alihesabu mapigo ya mkono wake kwa kidole gumba, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Dakika hamsini zilipita.

"Niachie," alisema Nkatha.

"Una hakika?"

"Niachie, lakini usiende mbali."

Mutwiri aliondoa mkono. Nkatha aliegemeza viganja kwenye magoti, akainama mbele, akasimama. Alitikisika kama mti unaopimwa na upepo, akatulia. Hakuwa na kiunzi. Hakuwa ameshika kitu. Katika behewa zima ilisikika pumzi yake tu.

"Syombua," aliita. "Mwambie dereva twende."

Treni ikaanza tena kushuka. Zilikuwa zimebaki kilomita elfu tano na mia mbili kufika ardhini.